Aliyeacha Nyimbo Ziishe

Mtwara, Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Asubuhi ya leo manyunyu yamepita upesi, kisha kusi ikakausha ua wa ofisi kabla viti vya hafla havijapangwa. Leo Bi. Mwanahamisi Athumani, mtangazaji wa Redio Kusi, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu. Jarida la wafanyakazi limetenga ukurasa huu kwa ajili ya kumuaga.

Aliajiriwa mwaka 2002 kupokea kadi za salamu. Enzi hizo kadi zilikuja kwa mifuko kutoka Ziwani, Naliendele, Mahurunga na kila mahali ambako antena yetu ilifika. Mtangazaji alizisoma huku wimbo unapigwa, jina juu ya jina, hata msikilizaji asijue mwimbaji alikuwa analia au anacheka. Ndivyo redio zote zilivyofanya.

Siku moja msomaji wa salamu aliugua koo, naye Bi. Mwanahamisi akaingizwa studio kushika nafasi. Alizisoma kadi zote kwanza, akaweka wimbo, akafunga mdomo. Meneja wa wakati huo alikuja mbio akidhani mtambo umekufa.

"Mbona kimya?" aliuliza.

"Si kimya, bwana. Kuna watu wanaimba."

Kuanzia hapo ikawa desturi yake: salamu kwanza, wimbo baadaye, na wimbo ukishaanza hauguswi mpaka uishe. Walikuwepo waliolalamika kwamba majina yao hayana ladha bila gitaa nyuma yake. Aliwajibu hewani kwamba jina la mtu mzima linajitegemea.

Mwaka 2009 alianzisha kipindi kilichompa jina, "Mji na Bendi Yake". Kila Jumamosi alasiri alichagua mji mmoja, bendi moja na albamu moja, akaipiga kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hakutafuta bendi kubwa zenye makampuni nyuma yao. Alipenda vijana wa magitaa wanaofanya mazoezi kwenye gereji, kwenye madarasa wakati wa likizo, na kwenye mabanda ya kuku yaliyohamwa. Walijirekodi wenyewe, wakadurufu diski chache, wakampa dereva wa basi aziteremshe Mtwara. Alikuwa akisema mji haujulikani kwa mnara wake wala soko lake, unajulikana kwa namna vijana wake wanavyopiga ngoma wanapodhani hakuna mkubwa anayewasikia.

Waliomsikiliza wanazikumbuka alizozipenda. Kutoka Tanga aliwapenda Reli ya Pili, waliorekodi darasani, na kunguru wa nje wanasikika kila gitaa linapopumua. Kutoka Kigoma walikuwa Kina Kirefu, ambao umeme uliwakatikia wakaendelea kwa jenereta. Mngurumo wake umo katika albamu nzima, na yeye alimtambulisha jenereta kama mwanabendi wa tano. Kutoka Iringa walikuwa Meno ya Juni, vijana wenye kasi ya ajabu. Walipopigwa mara ya kwanza, Mzee Mustafa, mkulima wa mihogo wa Ziwani ambaye hakukosa Jumamosi hata moja, alipiga simu studio.

"Bi. Mwanahamisi, hao wa Iringa wanaimba au wanatetemeka?"

"Wanatetemeka kwa mpangilio, baba. Ngoja wimbo wa tatu."

Baada ya wimbo wa tatu mzee alipiga tena. "Haya, wape blanketi, lakini wasiache kupiga."

Na kutoka kwetu aliwapenda Mabibo. Hawa walikuwa vijana wanne wa Mtwara, na mwimbaji wao, Hashimu, alikuwa mzaliwa wa Mahurunga. Mwaka 2019, msimu wa korosho ulipokwisha, waliomba ghala lililobaki tupu wakarekodi humo albamu yao pekee, "Maji Mawili", kwa jina la pale mdomoni mwa Ruvuma ambapo maji ya mto na ya bahari yanagombania kitanda. Mwangwi wa ghala lile hauigiki. Bi. Mwanahamisi, ambaye alipima maneno ya sifa kama mtu anavyopima dawa, alisema hewani kwamba kama angetakiwa kubaki na albamu moja ya mji mmoja, angebaki na hiyo, wala asingeona haya kwamba ni ya nyumbani.

Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unahusika na kuondoka kwake, kwa hiyo lazima uelezwe. Mama yake Hashimu, Bi. Mariamu, alimkataza gitaa. Alikuwa mama wa Kiislamu mwenye msimamo, akaapa hatausikia muziki huo ndani ya nyumba yake wala nje. Katika wimbo ule magitaa yananyamaza moja baada ya jingine, Hashimu anabaki peke yake, anaacha Kiswahili na kumwambia mama yake maneno machache kwa Kimakonde. Kisha albamu inakwisha. Hashimu alifariki mwaka 2022 kwa maradhi ya figo. Wenzake walitawanyika, na kompyuta waliyorekodia ilishakufa siku nyingi. Nakala nzima iliyobaki ilikuwa hapa kwetu, kwenye maktaba aliyoijenga Bi. Mwanahamisi mji kwa mji.

Februari 2024 Bi. Mwanahamisi alikuwa likizo Newala. Uongozi uliona redio jirani zinanakili nyimbo zetu, ukaamua kila wimbo wa maktaba uwekewe jingo, yaani lile tangazo fupi linalopaza jina la kituo: "Redio Kusi! Sauti ya Kusini!" Fundi mitambo wetu, Fredi, aliagizwa kuliweka kila baada ya nusu dakika. Aliipa kompyuta kazi hiyo, nayo ikaifanya kwa uaminifu wote. Nyimbo zilizopigwa jingo zilihifadhiwa mahali pa zile safi, zikazifuta, ili kuokoa nafasi. Diski zilizoonekana hazina kazi tena ziligawiwa kwa yeyote aliyezihitaji, na waliozihitaji walikuwa wenye mashamba ya mpunga, kwa maana diski ikining'inizwa juani humeremeta na kufukuza ndege.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Sentensi hii imetumika sana katika jengo hili, na sasa imechakaa.

Aliporudi aliweka albamu ya Kigoma, akasikiliza nusu dakika, halafu nusu dakika nyingine. Alikwenda ofisi ya meneja, Bw. Josephu, bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mali yetu lazima iwe na alama, mama," Bw. Josephu alimweleza kwa upole. "Hata ng'ombe hupigwa chapa."

"Ng'ombe hupigwa chapa ubavuni, Bw. Josephu. Hapigwi mdomoni. Na hawa ng'ombe ni wa kwetu tangu lini?"

"Lakini wimbo bado unasikika."

"Unasikika kama mtu anayeongea na wewe huku umemshika shingo."

Huenda jambo hili lingebaki la ofisini. Lakini mwezi Aprili, Bi. Mariamu alifika getini kutoka Mahurunga, amevaa baibui safi, mkononi ana simu ndogo mpya aliyonunuliwa na binti yake. Alimuuliza mlinzi kama yule mwanamke wa Jumamosi yupo.

"Nilimkataza alipokuwa hai," alimwambia Bi. Mwanahamisi pale mapokezi, mbele ya watu wote, bila kushusha sauti. "Watu wananiambia alinisemesha mwisho wa wimbo. Nimekaa miaka miwili nikijizuia. Sasa nataka kumsikia mwanangu mpaka mwisho, halafu nitarudi zangu nyumbani."

Bi. Mwanahamisi alijua kilichotokea kwa nyimbo zote, ila wimbo huo alikuwa hajathubutu kuufungua. Alimweleza mgeni ukweli, akamwomba arudi baada ya wiki mbili, na zile wiki mbili akazitumia kutafuta. Alitangaza hewani kwamba mwenye "Maji Mawili" iliyo safi aje, atapokewa kwa heshima. Watu walikuja na simu zao. Mmoja alikuwa na beti mbili tu. Mwingine alirekodi kutoka redioni, na jogoo wake amemshinda Hashimu. Mzee Mustafa alituma kanda nzima. Ilikuwa ya wale wa Iringa.

Alifunga safari hadi bonde la Ruvuma, akapita mashamba ya mpunga akiinua diski moja moja kwenye kamba zake, huku wenye mashamba wakimcheka.

"Bibi, ukizichukua hizo utabaki wewe uwinge ndege!"

"Nitawinga. Niacheni nisome kwanza."

Aliipata. Mwandiko wake ulikuwa umefifia juu yake, lakini neno Mtwara lilisomeka. Ilikuwa imetobolewa kando kwa msumari ili kamba ipite, na upande wa chini mchanga na jua vimeikwangua hadi ikawa nyeupe. Fredi aliifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye mashine, ikazunguka, ikatemwa. Aliirudisha mara nyingi. Fredi ana kipaji, na siku hiyo alifanya yote anayoyajua. Alilia pia, na hilo liandikwe kwa haki yake.

Bi. Mariamu alirudi siku aliyoambiwa. Alipewa kiti cha studio, akavishwa spika za masikioni, akawekewa wimbo uliopo. Aliuvumilia wote. Pale magitaa yaliponyamaza, Hashimu akavuta pumzi na kuanza Kimakonde chake, na papo hapo likaja: "Redio Kusi! Sauti ya Kusini!" Jingo lilipokwisha, wimbo nao ulikuwa umekwisha.

Mama alizivua zile spika taratibu. "Huyo aliyemkatiza mwanangu ni nani?"

Bi. Mwanahamisi alipiga magoti mbele yake. Alikuwa ameusikia wimbo ule mara nyingi ukiwa mzima, na alikumbuka maneno yote, kwa hiyo alimwambia Hashimu alisema nini, neno kwa neno.

"Ahsante, mwanangu," Bi. Mariamu alisema. "Lakini hiyo ni sauti yako. Mimi nilikuja kwa yake."

Baada ya hapo Bi. Mwanahamisi aliomba mambo mawili kwa uongozi. La kwanza, kituo kimwombe radhi hadharani mama huyu na bendi zote ambazo albamu zao ziliharibiwa. La pili, jingo lisiguse tena wimbo wa mtu. Alijibiwa kwamba kukiri hewani kutaharibu jina la kituo.

"Jina si liko ndani ya kila wimbo?" alisema. "Litaharibika wapi tena?"

Kwa kuwa kituo hakikuomba radhi, aliomba yeye. Kila Jumamosi kabla ya albamu ya zamani alisema: "Nyimbo hizi tumeziharibu hapa ofisini kwetu. Wenyewe watuwie radhi." Alisema hivyo hadi Agosti. Kisha saa yake ikapewa uchambuzi wa mpira, naye akarudishwa kupokea salamu, kazi ile ile aliyoajiriwa nayo akiwa msichana, ingawa siku hizi salamu huja kwa simu na mfuko wa kadi haupo. Hakugomba. Alifika mapema kila siku, akazipanga salamu kwa vijiji, na mtangazaji kijana alipozisoma juu ya wimbo, alitoka nje akasimama uani mpaka zikaisha.

Wasifu huu uliagizwa uwe mchangamfu, nao ungekuwa hivyo kama ungeishia mwaka 2023. Mafanikio yake ni mengi. Kwa sababu yake, mkulima wa Ziwani anaweza kutofautisha gitaa la Tanga na la Songea. Bendi zilizokuwa hazijulikani mtaani kwao zilipata barua kutoka Mahurunga. Alifundisha watangazaji wengi, na wawili kati yao bado hunyamaza wimbo unapopigwa. Hakuwahi kuchelewa wala kumsengenya mtu, na chai yake haikuwa na mshindani.

Zawadi ziko tayari mezani: kitenge, saa ya ukutani, cheti chenye fremu, na flashi iliyofungwa kwa utepe, yenye nyimbo zote za maktaba yake. Ni zile zile zenye jingo. Aliyependekeza zawadi hiyo alidhani ni wazo zuri, na kamati ikapiga makofi.

Hatazipokea leo. Jana jioni alirudisha kitambulisho kwa mlinzi, akamsalimia kila mtu kwa jina, na alfajiri hii amepanda basi la Songea. Kutoka hapo ataelekea Iringa, kisha Kigoma, na mwisho Tanga. Anakwenda kuzitafuta zile bendi, mji kwa mji, akae nao chini awaambie kwa mdomo wake kilichoipata kazi waliyomkabidhi. Alipoulizwa kwa nini asipige simu tu, alisema mtu aliyekupa amana humrudii kwa simu.

Bi. Mariamu tulimtumia mwaliko wa hafla. Binti yake alitujibu kwamba mama anashukuru, ila hana cha kusikiliza hapa.

Bi. Mwanahamisi, sisi uliotuacha tunakushukuru kwa kila alasiri ya Jumamosi. Tunakuombea barabara kavu, afya, na wenyeji watakaokusikiliza mpaka mwisho kabla hawajakasirika. Tunajua utawaambia, "Tumeziharibu." Tafadhali usiseme hivyo. Wewe hukuwa kazini siku ile. Waambie ni Redio Kusi, uwape na namba ya simu ya ofisi, na wakipiga tutapokea.