Ketrina Namwinga na Nyumba Yake ya Vyungu

Marehemu Ketrina Namwinga alizaliwa Mpemba tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa mzee Rubeni Simwinga; kwetu binti wa Simwinga huitwa Namwinga. Alisoma hapo hapo Mpemba, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Mdogo wake Fanueli, anayewasomea hapa, aliishia la nne, na dada alimkumbusha hilo kila Krismasi. Kwa uzuri wa sura, lakini, alikubali kwamba Fanueli alimwacha mbali.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na Efraimu Sichone, fundi seremala kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Walijaliwa watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa ufinyanzi. Sufuria zilipojaa sokoni watu wakaanza kutupa vyungu, yeye akaanza kuviokota: vya pombe, vya mboga, hadi vya kuchemshia chumvi, alivyovifuata Ivuna akarudi navyo juu ya lori amevipakata kama watoto. Sebule ikajaa, mume akahamishiwa jikoni. Mwaka 2009 akatundika kibao: MAKUMBUSHO. Wanafunzi wakaja mpaka kutoka Itumba.

Mwaka 2023, mji ukipangwa upya, wapimaji walichora X nyekundu ya kubomoa ukutani kwake. Mtaro ulitakiwa kupita pale pale penye vyungu. Marehemu hakugombana na mtu. Alikoroga udongo mwekundu, akapamba ukuta mzima kwa X, kama bibi zetu walivyopamba nyumba zao. Wapimaji waliporudi walizunguka nyumba mara mbili.

"Mama, X yetu ni ipi?"

"Tafuteni, wanangu. Zilizonyooka ni zangu."

Injinia wao, Jofrey, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia ndani, akakaa saa mbili akitazama vyungu. Alisema atawauliza wakubwa, ila hajui watajibu nini.

Novemba 2024 marehemu alianza kuugua moyo. Waliokwenda kumwona hospitali hawakupata hata salamu: "Nyumba bado ipo?" Tarehe 6 Juni 2025 Jofrey mwenyewe aliingia wodini na ramani.

"Mama, wamekubali. Mtaro utapinda."

"Upinde mbali kidogo, baba. Vyungu vinaogopa katapila."

Siku hiyo alikula ugali, akaomba na ule wa kitanda cha jirani. Alifariki asubuhi ya tarehe 9.

Ameacha mume, watoto Nesta, Deus na Irene, wajukuu wanane, na vyungu mia mbili na kumi na viwili. Ufunguo anao Nesta. Tukitoka makaburini mlango utakuwa wazi. Ingieni wote, mtazame, msiguse.

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.