Siku Mama Shija Alipofunua Bomba

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Nasema hivi mimi niliyekuwa nikidai sifa hizo haziendi mbali kuliko bati la kanisa.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Masanja, mtoto wa wakulima wa pamba hapa Kasoli. Nilisoma takwimu chuo kikuu, nikarudi na maswali mengi kuliko majibu. Mchungaji aliwahi kuniambia, "Masanja, wewe hata ugali unauhoji kabla ya kuumega!" Nilihoji mahubiri, nikahoji waganga, nikahoji serikali. Kitu kimoja tu sikukihoji: namba.

Kisha figo zangu zote mbili zikafa. Nilihamia mjini, karibu na mashine ya kusafisha damu niliyofungwa mara tatu kila wiki, nikaishi na kiu ambayo sikuruhusiwa kuikata. Mkojo ulikauka kabisa. Ndugu zangu, hamjui neema ya kwenda chooni mpaka iwatoke!

Dada yangu Kabula akapimwa, figo yake ikakubaliana na mwili wangu. Akasema, "Mungu alinipa mbili. Moja ilikuwa yako, mimi nilikutunzia tu."

Kilibaki kipimo kimoja. Hospitali hupima pia mahali mgonjwa atakaporudi kuishi, maana mwenye figo mpya hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na maji machafu yanaweza kumuua. Ofisa ustawi wa jamii, dada mmoja aitwaye Neema, akaja hapa na dodoso, akawauliza majirani: maji mnapata wapi, usafiri upo, zahanati iko mbali kiasi gani, nani atamwangalia mgonjwa. Kila ugumu ulikuwa na alama zake. Alama zikizidi, madaktari hawapangi tarehe mpaka mgonjwa apate pa kuishi palipo salama. Nami sikuwa na pengine.

Baada ya wiki moja Neema akanipigia. Mtaa wetu ulikuwa na alama mbaya kuliko yote aliyoipima. Maji: ya kuchimba mchangani mtoni. Usafiri: hakuna. Upasuaji umesimama.

Nikampigia jirani yetu, Mama Shija.

"Mama, bomba lenu limekufa?"

"Life kwa nini? Hili hapa linamwaga!"

"Mbona mlimwambia mgeni mnachimba mtoni?"

"We ngosha, mwanamume mzima na shule yote hiyo! Mtu akija na karatasi anaandika kaya maskini. Ukionyesha bomba, unakatwa. Mimi nililifunika na gunia. Salum wa dukani naye akaingiza pikipiki ndani, akaifunika kwa magunia ya mchele."

"Mama, hawakuwa wanaandika maskini. Walikuwa wananiandika mimi."

Nilisikia maji yakianguka kwenye ndoo.

Ndugu zangu, nilijua yamekwisha. Chuoni niliandika mwenyewe kwamba mtu akibadili majibu baada ya kujua faida yake, majibu yake yatupwe. Elimu yangu ndiyo iliyonihukumu! Siku ile, nikiwa nimefungwa kwenye mashine, niliomba kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Haikuwa sala nzuri. Nilisema, "Kama upo, unajua Kasoli iko wapi? Basi nenda. Mimi siwezi hata kusimama."

Jumapili iliyofuata mliona wenyewe. Mama Shija alisimama katikati ya ibada akakiri kwamba amedanganya. Yeye kweli anapokea ruzuku ya kaya maskini, na aliamini kabisa kwamba akifunua bomba ataipoteza. Kesho yake akaenda kwa Salum, Mwislamu mwenye duka pale njia panda, wakampigia Neema pamoja, wakamsihi aje aone kwa macho yake.

Neema akarudi. Aliwaeleza waziwazi kwamba karatasi yake haihusiani na ruzuku. Mama Shija hakumwamini! Kabula alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Mama Shija alivuta lile gunia mbele ya watu wote, akafungua koki, akasema, "Andika. Kama ni kunikata, nikatwe. Mtoto aishi."

Salum akasukuma pikipiki nje. "Na friji ya soda ipo, dawa zake zikitaka baridi." Wakaanza kugombana nani atachemsha maji yangu. Neema alikagua kila kitu, kisha akageuza karatasi akaandika nyuma yake, kwa sababu dodoso halikuwa na nafasi ya ugomvi wa namna hiyo.

Tarehe ikapangwa.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, muuguzi aliinua mfuko uliokuwa kando ya kitanda. "Tazama." Mkojo! Wa njano, mwingi, unaendelea kushuka. Figo ya dada yangu ilianza kazi kabla hawajamaliza kunishona. Nililia. Mimi, mtu wa takwimu, nilikuwa nautazama mfuko wa mkojo kama mtu aliyeona Bahari ya Shamu ikifunguka!

Wabeja, Kabula. Wabeja, Mama Shija. Na ruzuku hawakuikata. Ahsante, Salum. Ahsante, Yesu!

Nawe unayenisikiliza ukiwa na maswali, njoo nayo. Mimi naweza kukueleza jinsi figo inavyochuja damu. Siwezi kukueleza nani alimsimamisha mama yule, aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kimya. Mtumaini Mungu, ndugu yangu, hata kabla hujamaliza kuhoji. Mimi sijamaliza.