Nani Anamwandikia Tufani

Katika soko la Kibuye, upande wa wauza mapazia ya mitumba, kuna benchi lenye miguu mitatu na jiwe moja, na wanaolikalia hawana haraka na dunia. Nangila huwauzia kahawa ya tangawizi, na juu ya kabati la mandazi ameweka televisheni ndogo. Jumamosi hiyo asubuhi ilikuwa katuni. Shujaa wake anaitwa Tufani, jamaa wa joho jekundu ambaye nguvu zake zote ziko kooni: akipiga ukelele, ukuta unalala chini. Sasa siku hiyo adui yake alimtupa ndani ya sinema za enzi za mababu, zile za rangi nyeusi na nyeupe zisizo na sauti, watu wanakwenda mbio mbio, midomo inacheza bure, kisha unatokea ubao wenye maandishi ya walichosema. Msichana amefungwa kwenye reli, treni inakuja, Tufani anafungua mdomo, kimya. Na hapo hapo stima ikapotea. Watu wazima na ndevu zao wakashika vichwa.

Wa kwanza kulitatua jambo alikuwa Brandon wa bodaboda, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kutamka neno "sijui". Alieleza kwamba Tufani atatoka kupitia kioo cha mashine inayoonyesha hiyo sinema, mwanga ukiwaka tu, kwa sababu mwanga na joho jekundu ni damu moja.

— Na ile mbio yao ya ajabu? aliuliza Nangila.

— Haraka haraka haina baraka, mama. Ndio maana hawana sauti.

Oyugi, muuza mapazia ambaye benchi limempa jina la Wakili, alikataa katakata. Yeye aliona yule mwongoza sinema aliyetokea humo kwenye katuni, mwenye kofia na kipaza sauti cha bati, ni baba mzazi wa Tufani, aliyemkimbia akiwa mchanga. Ameiba sauti ya mtoto ili asiitwe baba mbele ya watu.

— Wahenga walisema, mficha uchi hazai, alimaliza Wakili. Yule alificha, lakini alikuwa ameshazaa.

Nangila hakutaka kuachwa nyuma. Alisema sauti ya Tufani imeshauzwa, na kama ni ya kuuzwa basi iko hapa hapa Kibuye, chini ya marundo ya viatu, maana hakuna kitu kilichowahi kuibwa duniani kisipitie Kibuye. Wakacheka, wakamgeukia Mzee Dalmas, aliyekaa mwisho wa benchi na kikombe chake.

Huyu ndiye hakimu wa mambo ya sinema, na jina lake la kijiweni ni Mzee Sauti. Ujanani alizunguka na gari la sinema, leo Ahero, kesho Kendu Bay. Shuka jeupe linafungwa kwenye miti miwili, watu wanakaa chini, na Dalmas anasimama kando na maikrofoni akiwasemea wazungu wa kwenye shuka kwa Kijaluo na Kiswahili. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Alitazama mdomo, akatazama macho, akatunga. Kuna bwana mmoja wa kwenye shuka aliyekuwa akimtukana mkewe, ikaja kujulikana baadaye. Dalmas akamfanya aombe msamaha, na wamama wa soko zima wakalia.

— Jaduong', mzee wetu, wewe kazi hiyo uliifanya, sema, Profesa alimhimiza. Huyo Tufani anatokaje?

— Hana haja ya sauti, alisema Dalmas. Mtu akifungua mdomo tu, mimi nimeshajua anataka kusema nini. Atafute mtu wa kumsemea.

Alisema kwa majivuno, lakini moyo wake haukuwepo hapo. Ulikuwa nyumbani, Nyalenda, kwa mkewe Aloo. Mwezi wa tatu kiharusi kilimpiga mama wa watu, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Tangu hapo Dalmas anamsemea. Wageni wa kanisa wakija, Aloo akisogeza mdomo, mume anatafsiri: anasema asanteni kwa sukari, anasema Mungu ni mwema. Na wiki mbili zilizopita, mdomo wa Aloo ulipocheza mbele ya wote, Dalmas alisikia sauti yake mwenyewe ikisema: anasema anataka kwenda Bondo akakae na dada yake. Wote wakakubali. Gari lilikuwa la keshokutwa, Jumatatu.

Tuseme ukweli, mzee aliogopa. Miaka arobaini Aloo alikuwa akiongea kutoka alfajiri mpaka taa kuzimwa, akimgombeza, akimchekesha, na sasa nyumba ilikuwa kimya mno. Ndiyo sababu alishinda benchini kutwa, na jirani ndiye anayemwangalia mama.

Wakati huo alikuwepo pia Gurleen, binti wa fundi wa mashine za kushonea pale mtaa wa Oginga, aliyekuja kununua mapazia. Dirisha la kwao ndilo lililomtesa kwa urefu, alitaka pazia refu, na Wakili alikuwa amesahau kumtafutia kwa ajili ya mabishano. Gurleen alikuwa amesimama kando kwa adabu, akisikiliza.

— Samahani, wazee, alisema. Yale maneno ya kwenye ubao. Ni Tufani aliyeyasema, ama kuna mtu amemwandikia?

— Ameyasema, Profesa alijibu. Si mdomo unacheza?

— Mdomo unacheza, ndiyo. Nauliza kama ndiyo hayo aliyoyasema.

Wakili akatazama mapazia yake kana kwamba ndiyo yaliyouliza. Nangila akaacha kumimina. Dalmas akaukumbuka mdomo wa Aloo ukicheza mbele ya wageni. Akaweka kikombe chini, nusu kimejaa, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta Aloo kwenye kiti chake mlangoni, miguu juani. Jirani akajiondoa. Dalmas akavuta kigoda, akakaa karibu mpaka magoti yakagusana.

— Aloo, alisema. Niliwaambia watu unataka kwenda Bondo. Ni mimi niliyesema hivyo. Wewe unataka?

Mdomo wa Aloo ukaanza kuhangaika. Maneno yakamjia Dalmas ulimini, tayari, matamu, vile yalivyomjia miaka yote: anasema anataka, anasema usijali. Akayameza. Akangoja. Haikuwa rahisi kwake, jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mashine ya kusaga ya jirani ikanguruma, ikanyamaza, naye bado anangoja.

Aloo akatikisa kichwa. Hapana. Akatikisa tena, taratibu, asije akaeleweka vibaya, kisha akanyoosha mkono wa kushoto akamkamata mumewe shati hapo kifuani.

Machozi yalimtoka mzee, wala hakuyafuta. Alijua kuna swali jingine, ambalo wageni wote wale hakuna aliyeliuliza, na ambalo yeye mwenyewe alilikwepa moyoni tangu mwezi wa tatu.

— Mama, umenikasirikia?

Aloo akamtazama usoni. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kwa nguvu. Ndiyo. Hilo Dalmas asingelitunga kamwe, hata angepewa soko zima la kumshangilia. Akainamisha kichwa alipokee. Na mkono ule wa kushoto haukuliachilia shati.