Dobi Aliyewapisha Wote

Dada yetu, ambaye hospitali nzima ilimjua kwa jina la Dada Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, baba akiwa mzee wa kanisa na mama mshonaji. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa pekee. Baba alikuwa na sheria moja: nyumbani kwetu mtu hasifiwi usoni. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alisema, kisha akaongeza kwamba ajikwezaye atashushwa.

Alianza shule mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Akiwa darasa la tano alishika nafasi ya kwanza, lakini alimwambia Baba amekuwa wa pili, asije akaonekana anajivuna. Ripoti ilipofika, Baba akamchapa kwa kusema uongo. Kisa hiki alikuwa akikisimulia mwenyewe huku anacheka mpaka machozi. Mimi sijawahi kukiona kinachekesha.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, akadumu miaka thelathini na tano katika chumba cha nyuma ya jiko, chenye mvuke na dirisha moja. Shuka aliyoikunja yeye ilikaa pembe kwa pembe, huoni imeanzia wapi. Mara mbili aliombwa awe msimamizi, mara mbili akasema wapo wanaofaa zaidi. Hao waliofaa zaidi walikuja kumuuliza yeye kila kitu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi saa, mtu mpole aliyeongea kwa nadra. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe alifariki mwaka 1989, na tangu hapo dada alikula peke yake, meza imesogezwa ukutani. Tulipomwalika alisema, "Msijisumbue kwa ajili yangu." Nasi, Mungu atusamehe, hatukujisumbua.

Mke wangu anakumbuka Alhamisi moja, kwenye funzo la Biblia la akina mama, dada alipomuuliza mchungaji: "Tumeambiwa tumpende jirani kama nafsi zetu. Sasa mtu asiyeijali nafsi yake, huyo jirani atamgawia nini?" Mchungaji akasema ni swali zuri, ila muda umekwisha, tufunge kwa sala. Dada hakuuliza tena.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Februari 2023. Alikwenda kliniki mara tatu, na mara zote akawapisha wengine kwenye foleni mpaka daktari akafunga mlango. Nilipomgombeza alisema, "Wale walikuwa wanaumwa kweli, bwana." Nina hasira na jambo hili, wala sitaificha mbele ya jeneza lake. Maandiko yanatutaka tuwahesabu wengine kuwa bora. Hayakusema sisi si kitu. Yule aliyetuagiza tunyenyekee ndiye aliyesema hata nywele zetu zimehesabiwa. Lakini sisi tuliusifu unyenyekevu wa dada kwa sababu ulitupunguzia kazi.

Alilazwa tarehe 2 Septemba, katika wodi ile ile aliyokuwa akiifulia. Jioni ya tarehe 19 aliipapasa shuka yake, akasema, "Hii imepigwa pasi na mtu mwenye haraka." Halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, hivi mimi nilikuwa hodari kwenye kazi yangu?"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akiuliza jambo kama hilo. Nikamjibu kama tulivyolelewa: "Dada, hayo Mungu ndiye anayeyajua."

"Haya," akasema, akafumba macho. Niliaga nikaenda nyumbani. Alifariki asubuhi ya tarehe 20 Septemba 2023, saa kumi na mbili na robo, akiwa peke yake.

Ameacha mdogo mmoja, wifi mmoja, na watoto watatu waliomwita shangazi.

Dada, ulikuwa hodari. Mungu alijua, na mimi pia nilijua. Pumzika kwa amani.