Boneti Ilirudi, Jina Bado

Wasikilizaji wapendwa, kama uko barabarani, punguza mwendo. Kama unachambua maharage, endelea kuchambua, lakini sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka Hyasinta Tluway, fundi rangi wa Karatu. Mama aliyekuwa anayarudishia magari ngozi, baada ya wanaojiita wataalamu kuyachuna. Amefariki kwa maradhi ya mapafu. Tumemzika kwao Rhotia, Alhamisi iliyopita.

Mimi ni Sadiki, mmenizoea kwa utani. Utani utakuwepo, maana marehemu asingenisamehe ningemlilia kwa sauti ya kanisani. Lakini nawaambia mapema ili mtu asije akapiga simu kulalamika: leo nina hasira. Nimeingia nazo studio na sitaziacha mlangoni.

Hyasinta alizaliwa Rhotia, kwenye nyumba ya wakulima wa ngano na maharage. Alienda Arusha akiwa binti, kupika chakula cha mchana kwenye gereji. Hakwenda kujifunza rangi. Alikwenda kupika makande. Siku moja fundi mmoja akaumwa, mlango wa gari ukabaki haujasuguliwa, na mwenye gari amekaa pale anavuta pumzi kama fahali. Hyasinta akaweka mwiko chini, akashika msasa. Makande yaliungua siku ile. Mlango ukatoka laini kama ganda la yai.

"Mafundi walishinda njaa," alikuwa ananiambia, "lakini hakuna aliyenirudisha jikoni."

Akarudi Karatu, akaolewa na Modest, mkulima wa vitunguu kule Mang'ola, mtu mpole wa maneno machache. Wakampata binti yao, Eva, ndiyo maana mjini wengi mlimjua kwa jina la Mama Eva. Akafungua banda la mabati nyuma ya soko. Kila asubuhi alimwagia sakafu maji ili vumbi litulie, akapuliza rangi kabla upepo haujaamka. Ole wako upite na pikipiki saa hiyo ukitimua vumbi! Ulitukanwa kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipoishiwa, Kiiraqw kilipokea.

Sasa, hasira yangu ya kwanza ni kwake yeye mwenyewe. Ndiyo, marehemu. Nilimpelekea barakoa, zile nzuri za mafundi, kwa sababu nilikuwa namsikia anavyokohoa. Wiki iliyofuata nikamkuta anachujia rangi.

"Sadiki, asante, kitambaa chako hakipitishi hata chembe."

"Mama Eva, hicho ni cha kuzuia chembe zisiingie kwako!"

"Kwangu? Kwani mimi nina klia ya kuharibika?"

Tukacheka. Leo sicheki. Fundi unayenisikiliza, vaa barakoa. Vaa barakoa, acha ubishi.

Wasikilizaji wapendwa, nimetaja klia. Klia ni lile tabaka la juu kabisa la rangi ya gari, halina rangi yoyote, kazi yake ni kung'aa na kuzuia jua. Ni jembamba kuliko ukurasa wa daftari. Likiisha, rangi ya chini inabaki uchi. Shikeni hilo, maana kisa chote kimesimama hapo.

Miaka ya karibuni likafunguliwa mjini kwetu jengo la vioo, la kung'arisha magari. Jina silitaji. Vijana wa pale wamevaa fulana nyeusi na glovu, unaweza kudhani wanakwenda kumpasua mtu. Magari ya watalii yakitoka kreta, lile shimo kubwa la wanyama, yamebeba vumbi jekundu na magadi. Gari la namna hiyo linataka maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe. Wale wakawa wanalifuta kwa kitambaa kikavu. Kila chembe ya vumbi ikawa msumari. Gari likichorwa, wanaleta mashine ya kuzunguka waondoe michoro. Na kwenye kingo za boneti, pale klia ilipo nyembamba zaidi, mashine inaunguza mpaka chini.

Msinielewe vibaya. Mashine haina kosa. Kosa ni la mkono ulioikandamiza palepale, na la bosi aliyempa mtu mashine kabla hajamfundisha.

Magari yaliyounguzwa yakawa yanamfikia Hyasinta. Aliyaosha, akaondoa mafuta yote ya kudanganyia, akasugua kwa msasa wa maji, akapuliza upya. Kazi hiyo alikuwa anaifanya huku anagomba. "Wanachuna wao, ninapaka mimi!" Ndiyo ulikuwa wimbo wake.

Sasa nimfikie Lomayani.

Lomayani ni kijana wa Nainokanoka, kule juu kwenye baridi, ambako ng'ombe ni wengi na magari ni ya kuonyeshana kwa kidole. Alisomea udereva, akapata kazi kwenye kampuni moja ya watalii hapa Karatu, akakabidhiwa Landikruza ya rangi ya udongo. Kijijini kwao walimwita jina la gari lake. Alikuwa analifuta gari lile kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

Msimu ulipokaribia kuanza, bosi wake akaagiza gari lipelekwe kwenye jengo la vioo. Likarudi linang'aa ajabu. Lomayani akachukua wageni, akapanda nao mpaka ukingoni, pale pa kutazamia kreta. Ukungu ulikuwa umelowesha kila kitu. Mama mmoja wa Kizungu, shati jeupe, akaegemea boneti ili kamera yake isitikisike. Alipoinuka, kifua chote kina mchirizi wa kahawia. Na ukingo wa boneti umebaki na doa jeupe kama kidonda.

Bosi akauliza kwenye jengo la vioo. Wakamjibu: dereva wako ndiye aliyelisugua gari kwa tambara kavu, likachubuka, akapaka kitu kuficha. Bosi akaamini. Hakumuuliza Lomayani hata neno. Alimwambia tu, "Lete ufunguo. Sitaki mwongo kwenye gari langu." Na bosi akafungua mdomo kwenye simu, makampuni mengine nayo yakafunga milango.

Hata hivyo gari lilitakiwa kazini, na bosi alijua ni nani awezaye kulirudisha. Akalipeleka kwa Hyasinta. Lomayani alipolisikia liko pale, akaja kwa miguu.

Eva alikuwepo, na amenisimulia. "Yule kaka alisimama mlangoni, haingii. Mama akamwambia, ingia, hapa si bomani, hatukagui viatu. Akasema, 'Yeyo, mimi sikuharibu gari hili.' Anamwita mama yangu yeyo, kama mama yake. Mama akalisogelea gari. Akainama, akanusa ukingo wa boneti."

Akanusa tena. Kisha akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika.

"Mwanangu," akasema, "hii ni dawa ya viatu."

Dawa ya viatu, wasikilizaji wapendwa! Ile ya kahawia, ya mtoto wa shule. Wameunguza klia, wameunguza rangi, wakapaka dawa ya viatu, wakaifuta ing'ae, wakamkabidhi mtu gari.

Kicheko kikaisha. Hyasinta akachukua tambara, akalilowesha tina, ile ya kuyeyushia rangi, akamwambia Lomayani, "Twende." Wakaingia kwenye jengo la vioo, yeye mbele na sketi yake yenye matone ya rangi zote. Palikuwa na gari jingine la kahawia limemalizika kung'arishwa, mwenyewe anazungushwa kuonyeshwa. Hyasinta akapitisha tambara kwenye ukingo. Mara moja tu. Akalinyanyua juu, kahawia tupu.

Meneja akamkimbilia. "Mama Eva, unaniharibia biashara!"

"Biashara ipi? Hapa mnang'arisha magari au mnang'arisha mabuti?"

"Mama, tuongee pembeni."

"Pembeni ndiko mlikomchongea huyu kijana. Mimi naongea katikati. Sema mbele ya watu, nani ameunguza gari lake?"

Meneja akaita mlinzi. Mlinzi akaja, akamwona Hyasinta, akakumbuka ana shughuli nyingine getini. Lakini neno halikutoka. Meneja hakulisema siku ile, na mpaka leo hajalisema.

Hyasinta akarudi bandani, akaifanyia kazi boneti ile kuliko gari lolote. Eva anasema mama yake alisugua, akaloweka, akatazama kwa jua, akasugua tena. Alipomaliza, mti wa jirani ulionekana ndani ya boneti na majani yake yote. Siku ya kuchukua gari bosi akaja, akapiga mluzi.

"Mama Eva, wewe ni hatari!"

"Umeridhika?"

"Sana."

"Basi boneti nimekurudishia. Na wewe mrudishie Lomayani jina lake." Akamwonyesha tambara, akamweleza yote, akamtajia hata yule mwenye gari jingine aliyeshuhudia.

Bosi akakuna shingo. "Nimekuelewa, mama. Lakini nimeshaweka dereva mwingine. Nitafikiria."

Nitafikiria! Mvua zimekuja, zimekwenda, ngano imevunwa, mtu bado anafikiria. Ng'ombe anacheua, lakini hata yeye hufika mahali akameza.

Hyasinta hakumwachia. Kila gari lile lilipopita sokoni alitoka bandani na bunduki yake ya kupulizia rangi mkononi, akaita, "Bosi, umefikiria?" Watu wakacheka, mimi nikiwa mmojawapo. Bosi akaanza kuzunguka njia ya nyuma. Mtu mzima, mwenye kampuni, anamkwepa mama mwenye kikohozi! Na Lomayani amerudi Nainokanoka kuchunga ng'ombe wa baba yake. Kuchunga si aibu. Aibu ni kwamba kule nyumbani wameambiwa amefukuzwa kwa uongo.

Kifua cha Hyasinta kikazidi, akalazwa. Eva anasema, "Hata wodini alikuwa anamgomba yule bosi usingizini. Nesi akadhani anamsema daktari, akaenda kumwita aje kuomba radhi." Daktari wa watu akaja kweli. Hyasinta akafungua macho, akamwambia, "Si wewe, baba. Wewe unafanya kazi yako." Baada ya siku mbili akatutoka.

Na sasa msiba. Nilikuwepo, nasema niliyoyaona. Lomayani alishuka kutoka Nainokanoka, akafika na shuka lake limejaa umande, akashika sepetu kuchimba pamoja na vijana wa Rhotia. Bosi naye akaja. Miwani myeusi, shada kubwa la maua. Amekuja na gari gani? Lilelile! Limeegeshwa kwenye uzio, boneti inang'aa, waombolezaji wanajitazama ndani yake kufunga vilemba.

Akaomba kusema machache. Akasema tumepoteza nguzo. Akasema mama huyu alikuwa kama familia ya kampuni yake. Sepetu ya Lomayani ikasimama.

Ndipo Modest akainuka. Mnamjua Modest? Mtu anayeweza kukaa nawe kutwa nzima shambani na kukuambia "haya" tu. Akasema, "Mzee, asante kwa maua. Mke wangu hakutaka maua. Alitaka useme neno moja kuhusu kijana huyu. Kijana ndiye huyu hapa, na watu wapo. Sema."

Bosi akarekebisha miwani. "Mzee Modest, msibani si mahali pa mambo hayo."

Akakaa. Padri akaanza wimbo.

Haya. Kama msibani si mahali pake, redioni ni mahali pake. Tena redio yetu inafika Karatu yote, inafika Mang'ola, inapanda mpaka Nainokanoka, na wewe bosi huwa unaisikiliza, kila Jumapili unatuma salamu.

Kwako Modest, kwako Eva, kwa ukoo wote wa Rhotia, na kwa mafundi wote wa nyuma ya soko, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe Hyasinta mahali pema. Nasi tuliobaki, tujiulize: mara ngapi tumeona kitu kimeharibika, tukamshika aliye karibu badala ya aliyekiharibu? Ni rahisi, najua. Aliye karibu huwa hana jengo la vioo.

Na sasa nalisema neno lenyewe, kwa sababu waliotakiwa kulisema wamelimeza. Lomayani wa Nainokanoka hakuharibu gari lile. Hakulisugua kwa tambara kavu, hakupaka dawa ya viatu, hakumdanganya mtu.

Narudia, kwa waliochelewa kufungua redio, na kwa wazazi wake kule juu: Lomayani hakuharibu gari lile.

Bosi, hilo nimeshakusaidia. Limebaki la ufunguo, na huo unao wewe.