Kamati ya Kumpumzisha Mwalimu

Kijiwe cha kahawa cha Mandewa hakikosi tiba ya mtu, hata kama mtu mwenyewe haumwi. Jioni hiyo, jamani, mgonjwa wa kweli alipatikana. Sixbert, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa, alidondoka juzi kwenye paredi ya asubuhi. Daktari akasema ni presha, alale nyumbani na asiguse kazi yoyote. Aliyemdaka ni rafiki yake Mselemu, mlinzi wa shule hiyo, ambaye kijiweni wanamwita Spika. Tangu siku ile roho yake haijatulia, anaogopa atamzika.

— Presha inaletwa na kiti cha ofisi, — alisema Abdulhamidi, fundi baiskeli, jina la kijiweni Bingwa. — Angelima alizeti, ingetoka na jasho.

— Analima! — akadakia Laurenti, muuza kuku. — Alfajiri yuko shambani, mchana shuleni, jioni kikao cha kata. Jumamosi mshereheshaji wa harusi zenu, Jumapili kwaya.

— Basi ni simu. Ikiita sana damu inachemka.

— Anazo mbili.

— Si ndiyo hapo! Mionzi inagongana kifuani!

Mselemu akagonga kikombe kwenye benchi.

— Mtu anakufa, nyie mnaleta utani! Tuunde kamati ya kumpumzisha. Tuzuie wageni, tumbebee vikao.

— Hapo umenena, Spika! Mwenyekiti wewe.

— Mimi makamu, — akawahi Bingwa.

— Na katibu?

Mwandiko wa Bingwa hausomi hata mwenyewe.

— Mtaa huu anayejua kuandika muhtasari ni mmoja tu, — akasema Laurenti.

— Si anaumwa?

— Ataandika amekaa! Kwani kalamu ina uzito?

Mselemu, kwa mazoea ya miaka, alishapiga simu. “Mwalimu, tuna kikao kidogo hapa.” Akajibiwa neno moja: “Nakuja.”

Loo! Hata buli halijapoa, Sixbert huyo, kandambili miguuni, sweta juu ya nguo za kulalia, daftari na kalamu mkononi. Alikaa, akahema mpaka Laurenti akamsogezea maji.

— Samahanini kwa kuchelewa. Haya, Spika, tumekutana kwa ajili ya nini?

Bingwa akageukia barabarani. Laurenti akaikagua kandambili yake mwenyewe. Mselemu, kwa aibu, akanyoosha mkono aichukue ile kalamu. Rafiki yake alikuwa ameshaandika tarehe.