Siku Niliyosema Ni Paka

Assalaamu alaykum, wanawake wenzangu. Mnanijua. Sina maneno matamu, na skuli niliishia darasa la pili. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniomba niseme yaliyonifika, basi nitayasema kama yalivyo. Majina sitaji. Na atakayecheka acheke, nitamngoja amalize.

Mjukuu wangu nilipewa akiwa na mwaka na miezi mitatu. Mamake, binti yangu, aliachika, akapata kazi Unguja. Nikamwambia nenda, mwanangu, mie nimelea saba. Maneno ya majivuno yale.

Mtoto hakuwa na taabu. Halii hovyo, hataki kubebwa. Ukimpa vifuniko vya sufuria huvizungusha kimoja kimoja, sikio kalilaza sakafuni, asubuhi mpaka adhuhuri. Ukimwita hageuki. Akitaka maji haonyeshi kidole. Hunishika mkono akaupeleka kwenye kata ya kutekea, kama mtu ashikaye mwiko, na usoni hanitazami. Nikasema huyu karithi kiburi cha babu yake.

Mamake ndiye aliyeshtuka, kwenye simu ya video.

"Mama, mbona hanitazami?"

"Simu yenyewe ndogo, atatazama nini?"

"Mama, mbona hasemi? Ana miaka miwili sasa."

"Hata wewe ulichelewa."

Uongo. Alisema mapema, na tangu siku hiyo alikuwa hanyamazi.

Akatafuta daktari wa watoto, mwanamke, yuko Dar es Salaam, huwatazama watoto kwa video. Angepiga nyumbani kwangu Jumatano saa nne asubuhi, mamake akiwa kazini. "Wewe muache tu acheze, Mama. Daktari atazame."

Ndugu zangu, nawaambia nilichokifanya. Asubuhi ile jirani yangu alikwenda pwani kwenye mwani, akaniachia bintiye, rika moja na wangu, wasichana wote wawili. Mtoto mdomo kama chiriku. Nikawatazama wote wawili. Nikayasikia yatakayosemwa huku kijijini kwetu Gando: nyumba ile ina mtoto wa mashetani, bibi mkali vile kamharibu mtoto. Simu ilipolia nikamtia mjukuu wangu chumba cha ndani na vifuniko vyake, nikafunga mlango. Nikamkalisha mtoto wa jirani mbele ya simu.

"Hebu muite, Bibi."

Nikaita jina la mjukuu wangu. Yule wa jirani akageuka, kwa sauti yangu hii hata ng'ombe wa watu hugeuka. Daktari akamwambia aonyeshe pua, akaonyesha. Akamwambia ampe bibi chai, akanimiminia hewa kwenye kikombe kitupu, akaipuliza nisiungue. Daktari akafurahi.

Ndipo kifuniko kikalia huko ndani. Kikazunguka, kikazunguka, kikatulia.

"Nini hicho, Bibi?"

Nikasema, "Paka."

Tena nikaongeza, "Paka wa watu, hana adabu."

Daktari akamwandikia mamake kwamba kwa alivyomwona, mtoto anakwenda sawa na umri wake. Binti yangu akanipigia akilia kwa furaha. "Mama, Mungu akuweke." Nikaitikia amin. Mnanisikia? Niliitikia amin.

Ukapita karibu mwaka. Nilijipa moyo atasema tu. Nikampeleka kusomewa Kurani, nikamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya. Hakusema.

Sikukuu mamake akaja, kamletea viatu vyekundu. Mtoto akavipokea, akavipanga ukutani, akampita mamake kama anayepita nguzo. Siku tatu binti yangu alimfuata kwa magoti, akimwimbia, akimwita. Siku ya nne asubuhi nikamkuta barazani kafunga mkoba.

"Si ulisema meli yako kesho?"

"Naenda leo. Mama, daktari kasema mtoto mzima. Mtoto mzima hamkatai mamake bure. Ni mie niliyemwacha, moyo wake umenifungia. Kila nikija namtesa. Mlee wewe. Matumizi nitaleta, lakini kuja siji tena."

Wanawake wenzangu, ningenyamaza tu. Siri yangu ingepanda meli na mwanangu, wala nisingeulizwa na mtu. Nikamtazama mtoto pale sakafuni, nikaona huyu sasa anakosa mama kwa neno langu mie. Nikakaa chini.

"Daktari hajamwona mwanao," nikamwambia.

Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliuliza moja tu.

"Ulisema paka?"

"Nilisema."

Akaingia ndani, akambeba mtoto, akaenda naye kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Jadida. Siku mbili nyumba yangu ilikuwa kimya, na vifuniko vimelala jikoni. Siku ya tatu akarudi naye. Akaiegemeza simu kwenye mtungi, mbele yangu.

"Mwambie daktari mwenyewe."

Nikamwambia. Mie ninayegombeza mtaa mzima, machozi yaliniingia mdomoni. Yule daktari, ambaye ningeweza kumzaa mamake, akasema, "Ahsante kwa kuniambia, Bibi. Sasa nionyesheni mtoto."

Safari hii niliamriwa nikae kimya. Nisimuite, nisimsogeze, nisimjibie. Mamake akamwita; hakugeuka. Mamake akaweka kifuniko juu ya kabati. Mtoto akaja, akanishika mkono, akauinua kuelekea kule juu, macho yake pembeni.

"Hufanya hivyo siku zote?"

"Siku zote," nikasema. Kumbe siku zote alikuwa akiniambia.

Daktari akatutuma hospitali masikio yapimwe kwanza. Mazima. Tukakaa naye kwenye simu mara tatu nyingine, akimtazama, akiuliza mambo ya tangu kuzaliwa. Mwisho akasema ni usonji, hali aliyozaliwa nayo. Akasema si shetani, si malezi, wala si kwa kuwa mama alikwenda kazini. Hapo binti yangu akajifunika uso kwa mtandio.

Mie nikauliza, "Na ule mwaka, daktari?"

"Haurudi, Bibi. Tuanze leo."

Tumeanza. Akinishika mkono nachuchumaa, uso wangu uwe mbele ya wake, nasema "maji", nangoja. Magoti yananiuma, nangoja. Juzi alinitazama, mara moja, kama kufumba na kufumbua. Hasemi bado. Kama atasema, sijui.

Binti yangu hupiga kila alasiri, na kila mwezi huja. Mie hunipa shikamoo, akaniuliza mtoto kala nini, basi. Zamani tulikuwa tukisengenya mpaka chaji iishe. Simlaumu.

Namshukuru yule daktari, hakunifukuza. Namshukuru jirani yangu, huyo anayetikisa kichwa. Nilimtumia mwanawe bila ruhusa, naye kanisamehe. Namshukuru binti yangu, aliyerudi na simu mkononi badala ya kupanda meli. Na nyie wenye wajukuu ndani, nasema moja: daktari huona unachomwonyesha. Fungua mlango.

Wangu leo sikumwacha chumbani. Yuko pale mlangoni. Tangu mlipoingia anavipanga viatu vyenu, na vyote sasa vimekaa mstari mmoja. Basi mkitoka, tokeni mmoja mmoja, kila mtu achukue vyake taratibu. Na mwambieni ahsante, mkimtaja jina. Hatageuka. Mwambieni hivyo hivyo.